Nyumba Isiyokuwa na Mwenyewe

Swali lenyewe liliulizwa mezani, tukiwa hatujamaliza hata kula. Solange, niliyekaa na familia yake ujanani, alikuwa amefika Johannesburg siku mbili kabla, baada ya miaka kumi na minane Marekani, na alikuja na binti yake Gloria, mwenye miaka kumi na sita. Gloria aliiweka simu yake katikati ya meza, baina ya sahani ya sombe, majani yetu ya mihogo, na bakuli la samaki, akasema shuleni kwao wamepewa kazi ya likizo: kila mwanafunzi amhoji mtu wa familia yake juu ya jambo la rangi ya ngozi lililowahi kumpata, amrekodi, kisha aandike. Kiswahili anakielewa lakini anajibu kwa Kiingereza, sawa na wanangu mimi, ambao wakichoka na Kiingereza wanaingia kwenye Kizulu. Akanitazama kwa adabu, akaniuliza, "Auntie, waliowafukuza ninyi wageni huku mwaka ule walikuwa weusi, na ninyi ni weusi. Sasa niandike kwamba hiyo ilikuwa nini?" Mimi si mtu wa kukosa jibu. Saluni yangu ya mtaa wa La Rochelle inajulikana kwa misuko na kwa ubishi, na wateja wengine nadhani huja kwa ubishi zaidi. Lakini safari hii Solange aliona nimekwama, akachukua yeye. Alisimulia vizuri, bila kusita, kama mtu anayesoma: Jumamosi mchana, kundi la vijana likaja na filimbi na marungu, tukakimbia, tukajificha kwenye nyumba moja mpaka walipopita. Gloria akamuuliza nyumba ilikuwa ya nani. "Nyumba moja tu," mama yake akasema. "Haikuwa na mtu." Nikaliweka chini tonge nililokuwa nalo mkononi.

Nyumba ile ilikuwa na mtu. Nilimzika mwezi wa tatu mwaka huu, nikasimama mbele ya ukoo wake nikalitaja jina lake lote, na siku ileile nikamwandikia Solange ujumbe kwamba Gogo, bibi yule, ametuacha. Alikaa siku tatu bila kujibu, kisha akaniandikia kwamba amekata tiketi. Kwa hiyo nilidhani amekuja kumlilia. Nilidhani tutakwenda pamoja makaburini, tutalia, tutarudi nyumbani kula. Badala yake nikamsikia akimwambia mwanawe kwamba nyumba ilikuwa tupu, na kusema kweli nilitaka kumzaba kofi, mtu mzima na miwani yake, mezani kwangu. Sikumzaba. Nilimwongezea samaki. Lakini akili yangu ilikuwa imeshaondoka pale, imerudi mtaa wa Bertrams, kwenye mwaka ule tuliokuwa tukiisubiri Marekani.

Tulikaa chumba kimoja katika nyumba ya zamani yenye baraza la mbele, karibu na uwanja wa mpira, kiasi kwamba siku za mechi kelele za goli zilitufikia kabla redio haijatangaza. Chumba kiligawanywa kwa mapazia. Upande wa dirisha walilala Baba Solange na mkewe, pamoja na cherehani, maana Baba Solange alikuwa fundi nguo na alisema cherehani isilale mbali naye. Upande wa mlango tulilala mimi na Solange. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, yeye kumi na tisa. Namna nilivyokuja kukaa nao si habari ya hapa. Itoshe kusema tulitoka upande mmoja wa ziwa, Uvira huko Kongo, na wao walinichukua kama wao. Mchana nilisuka nywele mjini, na nikirudi nilimkuta Mama Solange jikoni akisonga ugali na kulalamika kwamba unga wa huku hauna nguvu. Jiko lilikuwa la nyumba nzima, na dirisha lake lilitazama ua wa nyuma. Huko uani, kwenye chumba chake cha matofali, alikaa mama mmoja wa Kizulu, mjane, ambaye sote tulimwita Gogo kama wanavyowaita bibi zao. Gogo alikaanga magwinya, yale maandazi makubwa ya huku, akayauza mlangoni pake asubuhi na alasiri.

Gogo hakutupenda, au ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa nikiosha vyombo nikamsikia chini ya dirisha akimwambia shoga yake kwamba wageni wamejaa, wanalala kumi kumi chumbani, wanamaliza maji, wanaacha bomba wazi, na serikali badala ya kuwapa nyumba watu wake inafumba macho. Alisema kwa Kizulu, akidhani hatusikii. Solange hakusikia, lakini mimi kichwa changu kilikuwa chepesi kwa lugha. Basi baada ya nusu saa mtu huyohuyo angegonga dirisha na kutuita, "Bantwana", yaani watoto, njooni mchukue haya yaliyovunjika, akatupa magwinya ya moto kwenye gazeti, mengine hayajavunjika popote. Nilishindwa kuyaunganisha yale maneno na yale maandazi. Mpaka leo sijaweza vizuri, na nimemzika.

Kila Alhamisi baada ya kazi chumba chetu kiligeuka darasa. Faili zetu za wakimbizi wa kuhamishiwa Marekani zilikuwa zimefunguliwa, na watu wote waliokuwa wakisubiri mahojiano walikusanyika kumsikiliza Mwalimu Selestini. Huyu alikuwa amefundisha uraia huko Uvira. Hapa alikuwa mlinzi wa magari, na Alhamisi alifunga tai juu ya koti lake la ulinzi ili tumheshimu. Alikuwa na kijitabu kilichotolewa nakala ya nakala, na kutoka humo alitufundisha Marekani. Alisema serikali yao ina sehemu tatu zinazochungana. Baba Solange akauliza na hizo tatu zinachungwa na nani, Mwalimu akasema wananchi, na chumba kizima kikacheka, si kwa ubaya, ila kwa sababu sote tulikuwa tumeshawahi kuwa wananchi mahali fulani. Alisema polisi akisimamisha gari yako usishuke, usipapase mfukoni, weka mikono pale anapoiona. Mama Solange alitaka kujua kama hilo ni la wezi tu. Mwalimu akatazama kijitabu, akageuza ukurasa, akasema hapa hawajaeleza.

Lakini kilichotuvuruga zaidi ni fomu. Mwalimu alichora ubaoni, yaani kwenye mlango wa kabati, visanduku kadhaa, akasema kule kila mtu anajaza rangi yake. Baba Solange akasema yeye atajaza mtu wa Uvira. "Kule hakuna Uvira," Mwalimu akamjibu. "Kule wewe ni mweusi, bas." Baba Solange akasema hilo analiona kila siku akinyoa ndevu, haoni haja ya kumwandikia mtu. Kisha akafikiri, akauliza swali ambalo sijalisahau: kama huko sisi ni weusi, hapa sisi ni nini? Maana hapa weusi ndio wenye nchi, na sisi hatukuwamo. Mwalimu alifuta mlango wa kabati kwa kiganja, akasema tuendelee na somo la takataka na mapipa. Jumapili iliyofuata tulimpigia simu binamu wa Baba Solange aliyekuwa ametangulia kule, tukaweka sauti ya juu tumsikie wote. Akatuambia kiwandani kwake wazungu wanamweka kundi moja na weusi wa pale, na weusi wa pale wanamwambia yeye si mwenzao, ni Mwafrika. Hakusema kwa huzuni, alisema kama habari za hali ya hewa. Tulipokata simu Mama Solange akasema labda mtandao ulikuwa mbaya hatukumsikia sawasawa.

Sisi wakati huo shida yetu haikuwa ngozi, ilikuwa kinywa. Barabarani, ukinyamaza, ulikuwa mtu wa pale. Ukifungua mdomo umejiuza. Kwenye spaza, yale maduka madogo ya mtaani, tulinyoosha vidole badala ya kutaja tunachotaka, na mimi nilimfundisha Solange kusema "eish" na "sharp", maneno ya vijana wa pale, kwa sauti ya kwao, tukifanya mazoezi nyuma ya pazia hadi mama yake anatufokea. Mwezi wa tano maneno ya mtaani yakaanza kubadilika. Kwenye saluni wateja walisema mitaa fulani watu wanasimamishwa na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, na asiyejua anapigwa. Nikamfundisha Solange neno hilo pia. Alilisema vibaya. Kila nikimsahihisha alilisema vibaya zaidi, hadi akalia, nami nikalia, halafu tukaona aibu.

Walikuja Jumamosi mchana. Baba Solange alikuwa mjini kupeleka suti ya mteja. Chumbani tulikuwa watatu, mimi, Solange na mama yake. Tulisikia filimbi kwanza upande wa robot, zile taa za magari, za barabara kubwa, kisha mlango wa nyumba ya tatu kutoka kwetu ukivunjwa. Mama Solange alianza kufunga nguo kwenye shuka, jambo la kipumbavu, lakini mikono ilikuwa inatafuta kazi. Mara dirisha la jikoni likagongwa, kugonga kulekule kwa magwinya. Gogo alikuwa amesimama pale na unga mikononi. Akatuashiria tutoke. Tukapita mlango wa nyuma, tukavuka ua, akatuingiza chumbani kwake, nyuma ya kabati la nguo, akatufunika na mablanketi, akaacha mlango wazi kabisa kisha akakaa kwenye kiti chake mlangoni akaendelea kukaanga. Mlango wazi, hilo ndilo lililonishinda. Nilisikia mafuta yakichemka na nilisikia sauti za vijana wakimwuliza wageni wako wapi. Akawaambia wageni ni wasumbufu, wanamaliza maji, tangu asubuhi hajawaona, na kama wanataka kuingia kwake waingie, ila wavue viatu maana ameshapiga deki. Hakuna aliyevua viatu. Walinunua magwinya. Nilisikia mmoja akimshukuru, "Siyabonga, Gogo", kwa heshima kabisa, na kinywa kimejaa. Upande wa mbele wenzao walikuwa wakivunja chumba chetu, na tulijua kwa sauti ya chuma ikiburutwa kwamba cherehani inaondoka. Mama Solange aliniuma bega ili asilie. Alama ilikaa wiki nzima.

Jua lilipoanza kushuka Baba Solange akarudi akatukuta tumekaa kitandani kwa Gogo tunakunywa chai yenye sukari nyingi. Alimpigia Gogo magoti, fundi mzima na tepu yake ya kupimia shingoni. Mimi nikamwuliza Gogo kwa Kizulu changu kwa nini ametuficha, yeye ambaye hataki wageni. Akaniangalia kana kwamba nimemwuliza kwa nini anapumua. "Wageni ni wale wa kule chini," akasema. "Ninyi ni wa uani kwangu." Nilitegemea neno kubwa zaidi, la Mungu au la ubinadamu, na sikulipata. Wiki iliyofuata nilimsikia tena chini ya dirisha akisema bomba limeachwa wazi.

Sasa kuna desturi moja lazima niieleze, maana yote yaliyofuata yalitokana nayo. Katika kikundi chetu cha maombi, na kwa kina mama wa kwetu tangu nyumbani, mtu akisimama kutoa ushuhuda wa namna alivyopona hawezi kusema tu nilisaidiwa. Watu humkatiza hapohapo. Wanasema, "Mtaje." Unamtaja aliyekusaidia kwa jina lake lote, jina la baba yake ukilijua, mahali anapokaa na kazi anayofanya, na watu wote wanasema tumbariki. Usipomtaja, wanakuona umekula peke yako. Jumapili ile Mama Solange alisimama, akasimulia, wakamkatiza, akataja: Nomalanga Mabaso, mkaanga magwinya wa Bertrams. Watu sitini, wengine hawajui kutamka sawasawa, wakalitamka jina hilo. Gogo hakuwepo. Alikuwa kwenye kanisa lake, na nadhani alikuwa akituombea tupunguze matumizi ya maji.

Barua ya mahojiano ilifika baada ya majuma machache. Alhamisi hiyo Mwalimu Selestini hakufungua kijitabu. Alitutazama wanne, akasema wengine watoke nje kidogo, akatuambia habari ya Gogo tuiache. Afisa akisikia kwamba mnaye jirani, mwenyeji, anayewaficha hatari ikija, ataandika kwamba mnalindwa hapa, na anayelindwa hapa haendi Marekani. "Nyumba mutasema ilikuwa bure, hamukukuta mutu," alisema. "Hii hapana uongo. Ni kunyamaza tu." Mama Solange akauliza atanyamazaje juu ya jina alilolitaja kanisani. Mwalimu akasema kanisani hakuna viza. Walibishana mpaka Baba Solange akafunga mjadala kama mkubwa wa nyumba: nyumba ilikuwa tupu, na asiwepo wa kusema vingine. Kila mmoja alikubali kwa mdomo wake, na mimi nilikubali. Faili lao lilikuwa moja, la baba, mama na binti. Langu lilikuwa peke yake kwa sababu ya umri, ila habari ilipaswa kuwa moja, maana afisa angezilinganisha. Nakumbuka nilimwahidi Solange usiku, tukiwa nyuma ya pazia letu, kwamba tutapanda ndege moja na kule tutafungua saluni.

Tulikwenda tumevaa vizuri. Baba Solange alivaa suti aliyoishona mwenyewe kwa cherehani ya kuazima, suti ya kuonana na mzungu. Wao waliingia kwanza. Alipotoka alikuwa amechanganyikiwa, akaninong'oneza kwamba afisa ni mwanamke mweusi na amemsalimia kama mtoto amsalimiavyo baba yake. Sijui kwa nini hilo lilituvuruga wote. Katika mazoezi yetu yote Mwalimu alikuwa akiigiza mzungu. Nikaingia. Afisa alikuwa na umri kama wangu au zaidi kidogo, nywele zake zimesukwa mistari midogo ya kwenda nyuma. Aliyemsuka alikuwa na mkono mzuri ila alivuta sana pembeni. Kulikuwa na mkalimani, Mkenya, aliyesema Kiswahili cha redioni. Mambo yalikwenda sawa. Nilieleza filimbi, nikaeleza marungu na mlango wa nyumba ya tatu. Nikasema tukajificha kwenye nyumba moja. Afisa akaacha kuandika. Aliinamisha kichwa upande, akanitazama usoni, akasubiri, kisha akauliza, na mkalimani akatafsiri, nyumba ya nani.

Nimejiuliza miaka kumi na minane ni nini kilinipata. Pengine ni ile namna alivyoinamisha kichwa, kama kina mama wa maombi wakimsubiri mtu amtaje mwenye wema. Pengine ni zile nywele, kwa kuwa mimi mtu nikimwona utosi namwamini. Nilijisikia nikisema, "Ya Gogo Nomalanga Mabaso, mkaanga magwinya wa Bertrams, Mungu ambariki." Mkalimani aliniomba nimtajie herufi. Nikamtajia moja baada ya nyingine, polepole, asikosee. Nilijisikia fahari, mjinga mimi. Nilikumbuka nilichoahidi nilipokuwa nimeshafika ngazini, nikakaa pale hadi Solange alipokuja kunitafuta. Nilimwambia palepale. Hakunigombeza. Alikaa ngazi ya chini yangu akafunika uso, kwa sababu alielewa kwamba wao wamesema nyumba tupu na mimi nimesema nyumba yenye mtu, na karatasi zote mbili ziko juu ya meza moja.

Miezi minne iliyofuata Mama Solange hakusema nami moja kwa moja. Alikuwa akisema, "Solange, ambia huyu chakula iko mezani," na mimi nimekaa mkono mmoja kutoka kwake. Kisha barua zikaja. Wao walikubaliwa, watatu wote. Mimi nilikataliwa, kwa lugha ya karatasi: kwamba maelezo yangu yamezingatiwa na hawakuridhika kwamba nahitaji kuhamishwa. Gogo hakutajwa. Kwa hiyo sijui. Inawezekana jina lake ndilo lililoniangusha. Inawezekana nilikuwa msichana mmoja tu, mwenye kazi ya mikono, na nafasi zilikuwa zimejaa. Inawezekana yule afisa aliona uongo wao akauacha upite, akaona ukweli wangu akautumia. Nikiwa na hasira naamini hili la mwisho, nikiwa nimetulia siamini lolote. Kwenye uwanja wa ndege, wakiwa na mifuko yao yenye maandishi ya shirika linalosafirisha wakimbizi, Solange, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, alinikumbatia akaniuliza, "Yaya, juu ya nini ulimutaja?" Nikamjibu kwamba afisa aliniuliza. Ndilo jibu nililokuwa nalo, na sijaongeza jingine. Niliporudi Bertrams Gogo aliniuliza wenzangu wako wapi, nikasema Marekani, akaniuliza na wewe je, nikasema mimi nimebaki. Akasema haya, basi chukua ndoo, maji yatakatwa saa kumi. Sikumwambia kamwe kwamba nilimtaja. Nilipohamia huku La Rochelle niliendelea kwenda kumsuka kila mwisho wa mwezi, hadi nywele zikawa chache za kusuka, na kila mara aliniambia wageni wamezidi.

Haya yote yalinipitia nikiwa mezani, na sahani ya Solange ilikuwa bado ina samaki niliyemwongezea. Gloria aliona kuna jambo. Akauliza kwa nini Auntie ameacha kula. Nikamwambia Solange kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kile ambacho mtoto hakipati vizuri, kwamba mwanamke yule nimemfukia kwa mikono yangu na wewe unasema nyumba haina mtu. Solange hakukasirika. Alivua miwani akaanza kunieleza, na kwa mara ya kwanza niliona amezeeka kuliko mimi. "Yaya, sikia miye," alisema. "Ile maneno ya nyumba bure iko kwenye makaratasi yangu yote. Nilisema siku ile, nikasema tena nikiomba kukaa, nikasema tena nikiapa kuwa raia. Na sasa kule banarudilia makaratasi ya zamani, banatafuta wenye walidanganya. Baba alikufa na ile uoga. Mama anayo mpaka leo." Nikamwambia lakini wewe ni raia. Akasema hivyo ndivyo alivyodhani, kwamba ukishaapa umemaliza.

Kisha akanieleza jambo jingine. "Huku kinywa njo ilikuwa inatuuza," alisema. "Kule polisi akisimamisha gari, naweka mikono vile Mwalimu alitufundisha, halafu nafungua kinywa mbio, asikie hii sauti ya Kongo. Uso yake inalegea. Ananiuliza nimetoka inchi gani. Njo inaniokoaka, Yaya, na ninaona haya, juu wale wenye hawana hii sauti banabaki pale njiani. Na Gloria hana. Amezaliwa pale. Akisema neno moja tu, anajulikana ni mweusi wa kwao, na wa kwao njo polisi banaogopa." Nilimtazama Gloria. Nilikumbuka nilivyomfundisha mama yake jina la kiwiko. Nilitaka kuuliza, sasa mtoto huyu afundishwe kusema kama nani ili apone? Sikuuliza, kwa sababu sikutaka Gloria asikie watu wazima wawili wakikosa jibu. Lakini alikuwa amesikia. Hawa watoto wanasikia zaidi ya wanavyojibu. Alisema taratibu kwamba nyumba ilikuwa na mtu, sivyo, mama?

Solange alinyoosha mkono kuelekea simu iliyokuwa inaendelea kurekodi, akausimamisha hewani. Nilimwona anahesabu: mama yake mzee kule, karatasi kule, mwalimu wa shule atakayesikiliza. Mimi ningeweza kusema acha, mwanangu, si lazima, Gogo ameshalala. Huo ungekuwa wema. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema lile neno letu la maombini, kwa sauti ndogo, bila hasira tena. "Mtaje."

Gloria ndiye aliyeizima simu. Aliichukua, akaizima kabisa mpaka kioo kikawa cheusi, akaitia kwenye mkoba wake na kuufunga zipu, kisha akarudi kukaa na mikono yake juu ya meza, mahali tunapoiona. Mama yake alilia kwanza. Kisha akalisema jina lote, Nomalanga Mabaso, mkaanga magwinya wa Bertrams, akasema na mlango uliokuwa wazi, na blanketi, na chai yenye sukari nyingi. Gloria akalirudia, akakosea. Solange akamsahihisha. Akarudia, akakosea tena kidogo mwishoni, nami nikamsahihisha, na tukaendelea hivyo watatu, samaki amepoa, hadi jina likakaa kinywani mwake. Kazi yake ya shule sijui aliandika nini. Asubuhi iliyofuata tulikwenda makaburini, na njiani alininong'oneza kwamba analikumbuka bado.